Ng'ombe Wenye Mimba Wamehamishwa, Mimi Nimebaki

Jumapili, Izia. Baridi ya Juni, ile yetu ya Sumbawanga inayopasua midomo na kuwafanya wazee wavae makoti mawili. Upepo haujatulia tangu asubuhi. Misa sikwenda. Nimesema mgongo unauma. Uongo mtupu, mgongo wangu mzima kabisa.

Nimekasirika, basi.

Nimekasirika kiasi kwamba niliogopa nikienda kanisani nitasimama katikati ya mahubiri nianze kuongea, maana tangu jana mdomo wangu umeonja na umenogewa. Bora nikae hapa chumbani, blanketi miguuni, nikuandikie wewe shajara yangu, ambaye humkatizi mtu maneno.

Kwa aliyeingia kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Kaengesa, nimeolewa hapa Izia, na nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu Apolinari anaendesha lori la mahindi, wiki nzima yuko njia ya Tunduma. Kwa hiyo nyumbani tupo mimi, mama mkwe, baba mkwe, na ng'ombe wa baba mkwe. Nimewaweka ng'ombe mwisho kwa heshima ya uandishi tu. Katika nyumba hii hawako mwisho hata kidogo.

Kisa chenyewe kimeanza na mnara. Tangu simu ziachiwe makampuni ya watu binafsi, minara imeota mpaka huku kwetu, tuliokuwa tunapanga foleni posta ili kuongea na ndugu Dar. Mmoja ulisimikwa mwaka juzi kabla ya mvua, kwenye shamba la jirani, nyuma kabisa ya zizi letu. Una jenereta inayonguruma kutwa na taa nyekundu kileleni. Dirisha la chumba changu linautazama. Sitasema uongo, tuliufurahia. Hata haya ninayoandika yanapita kwenye mnara huo huo, na mtandao umejaa.

Mwaka jana, wakati wa palizi, mimba yangu ya kwanza iliharibika. Miezi sita ilishafika. Niliumwa tumbo shuleni, wakanileta nyumbani, na ikaishia humu humu chumbani. Mama mkwe na jirani mmoja walishughulika wao kwa wao. Baba mkwe alituma neno kupitia kwa mama kwamba tumshukuru Mungu, mtapata wengine. Mume wangu aliporudi alininunulia kitenge. Baada ya wiki mbili nilikuwa darasani nafundisha sehemu za ua.

Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa msimu huu, mavuno yalipoanza, Madoa akatupa mimba. Madoa ni ng'ombe kipenzi wa baba mkwe, yule mwenye mabaka anayemfuata mzee kama mbwa. Ndama alitoka mfu, hana hata manyoya ya kutosha. Haikupita muda mrefu, ng'ombe mwingine naye akatupa.

Jamani, nyumba ilivyowaka! Baba mkwe hakula siku hiyo. Wazee wa jirani walikuja kumpa pole, mmoja mmoja, kofia mikononi. Aliitwa bwana mifugo akaja na pikipiki yake, akavaa glovu, akachukua damu ya kila ng'ombe na kuipeleka ikapimwe. Aliitwa mwenyekiti wa mtaa. Kampuni ya simu nayo ikapigiwa, ikaleta kijana wake na gari. Yule kijana alimpiga picha ndama wa pili kabla hajafukiwa, pande zote, kama maiti ya mtu mkubwa.

Wangu sikuonyeshwa hata alipozikwa.

Mtaani maneno yakawa ni hayo hayo. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi za ndani Dar ndiye aliyeleta habari ya jiko la maikrowevu: unaweka chakula, hakuna moto, hakuna moshi, kinaiva kuanzia ndani. Na mawimbi ya simu, akasema, ni ndugu wa mawimbi hayo. Basi ikawa mnara unawapika ndama tumboni. Wanaiva kama viazi! Nilimsikia baba mkwe akilieleza hilo kwa wageni kwa uchungu wa kweli, mkono ukiwa kwenye shingo ya Madoa.

Mzee akaamua. Ng'ombe wote waliobaki na mimba wahamishwe, wapelekwe Mpui kwa rafiki yake Masanja, Msukuma aliyehamia huko na mifugo yake miaka mingi iliyopita. Huko mnara hauonekani hata ukipanda juu ya paa. Alhamisi asubuhi Masanja akaja mwenyewe kuwachukua. Ni mtu wa mizaha yule. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji, tumbo mbele. Masanja akanitazama, akamgeukia baba mkwe, akasema, "Mzee, na huyu je? Huyu naye ana mimba, mbona hatumswagi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mkwe alicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, maji yakamwagika kwenye viatu.

Ng'ombe wakaswagwa, wakapotea barabarani na vumbi lao. Baba mkwe aliwasindikiza mpaka barabara kubwa, akarudi ameinamisha kichwa. Mimi nikaingia ndani kubadilisha viatu, nikakaa kitandani, nikainua macho. Mnara ule pale, dirishani.

Kicheko kikaniishia hapo hapo.

Nilimpigia Apolinari. Akasema niache ushamba, mbona Tunduma minara imejaa na watu wanazaa kama kawaida. Nikamuuliza, kwa hiyo baba yako ni mshamba? Akasema, "Aah, baba anaangalia mali yake." Nikakata simu. Mali yake!

Basi nikatafuta mwenyewe. Nimeshinda siku mbili kwenye simu hii nasoma, macho yakawa mekundu. Mengi yameandikwa kigumu, lakini mimi ni mwalimu wa sayansi, nilikomaa nayo. Wataalamu huko wamewaweka panya wenye mimba kwenye mawimbi ya namna hiyo. Mawimbi yakiwa makali, mpaka mwili wa panya unapata joto kama la homa, watoto tumboni wanadhurika: wanakuwa wadogo, wengine wanakufa. Hilo wengi wanakubaliana. Mawimbi yakiwa hafifu, yasiyopasha mwili joto, hapo ndipo wanapogombana. Wengi wanasema hawaoni madhara. Wengine wanasema wameona kitu, wakirudia wenzao hawakioni. Na ya mnara yakimfikia mtu aliye chini huwa hafifu sana, hivyo ndivyo walivyoandika.

Nilitulia kidogo kusoma hayo. Kisha nikakasirika upya. Panya wa watu wamepimwa joto, wamepimwa uzito, watoto wao wamehesabiwa vidole. Nikajiuliza ni nani hapa Izia amewahi kunishika mimi hata paji la uso.

Nilichotaka ni kuulizwa tu.

Jana Jumamosi ndiyo ikawa siku ya mkutano. Mwenyekiti alituita kwenye darasa la shule, baba mkwe akakaa mbele na wazee wenzake, sisi wanawake nyuma kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Kijana wa kampuni alisimama mbele ya ubao akiwa na viatu vyenye ncha. Akasema mawimbi ya mnara hayana madhara, hayazidi ya redio aliyonayo kila mzee hapa. Baba mkwe akamjibu bila kusimama, "Redio yangu haijawahi kulala nyuma ya zizi langu." Watu wakapiga meza. Kijana akasema wataalamu wa kampuni wamepima. Akaulizwa wamepima wapi. Akasema, wanapima kwa ujumla. Kwa ujumla! Kwenye zizi letu hajafika mtu na kifaa hata kimoja, walifika na kamera tu. Hapo nilikuwa upande wa mzee kabisa, nilipiga meza mpaka kiganja kikauma.

Kisha akasimama bwana mifugo.

Alisema taratibu, kama mtu aliyechoka kurudia. Kwamba ng'ombe kutupa mimba kuna sababu nyingi. Kwamba anachohofia yeye zaidi ni ule ugonjwa wenyewe wa kutupa mimba, wanaoambukizana zizini, na kwamba damu aliyochukua ndiyo itakayosema, majibu bado. Kuwahamishia ng'ombe kwenye kundi la mtu mwingine kabla ya majibu, akasema, ni kosa, huenda mzee amempelekea Masanja ugonjwa. Halafu akamtazama baba mkwe, akasema maneno ambayo sitayasahau:

"Na lile jingine mzee nilikwambia siku ile ile. Ugonjwa huu unampata na mtu. Maziwa yachemshwe, na mwanamke mwenye mimba asiguse kabisa mabichi, wala uchafu wa ng'ombe aliyetupa. Natumaini nyumbani mnafuata."

Baba mkwe akaitikia kwa kichwa.

Akaitikia!

Shajara, ngoja nikueleze kila asubuhi ninavyoamka katika nyumba hii. Mama mkwe ananigongea, ana kikombe kikubwa cha bati, ndani maziwa yametoka kukamuliwa sasa hivi, povu juu, vuguvugu la ng'ombe mwenyewe. Ni upendo. Yaliyochemshwa, anasema, yameshakufa nguvu, ya mjamzito ni haya ya titi. Nilikunywa hivyo mimba ya kwanza. Nakunywa hivyo na hii. Na tangu ng'ombe hawa watupe mimba, kikombe kimekuwa viwili, na mimi kwa ujinga wangu nikajisifu kwa wenzangu shuleni kwamba nina mama mkwe wa kuringia.

Na Madoa alipotupa, ni nani aliyefagia zizi? Mimi. Kwa ufagio na mikono mitupu.

Sasa nikupe na desturi, ili uone nilichofanya baadaye kilikuwa na uzito gani. Katika nyumba hii mke wa mtoto hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Nikiwa na neno nampa mama, mama anampa yeye. Akiwa na neno anampa mama, mama ananipa mimi. Tukikutana uani nachuchumaa, napiga makofi taratibu, shikamoo baba, marahaba, napita. Miaka minne tumeishi hivyo na wala sikuona tabu. Ni heshima, na nimelelewa nayo.

Jana nilisimama. Dawati lilinibana, likaanguka, darasa zima likageuka.

Nikasema, "Baba, shikamoo."

Mzee hakugeuka. Nilimwona shingo tu. Nikaendelea. Nikasema mimi nina mimba. Nikasema nalala chini ya mnara huu huu, na sikumsikia mtu akisema nihamishwe. Nikasema maziwa mabichi ninakunywa kila siku ya Mungu, ya zizi hili hili, na sikumsikia mtu akisema niache. Nikasema mwaka jana yangu iliharibika na hakuja mtu wa damu, wala wa picha, wala mwenyekiti. Pua ilikuwa inatiririka, sikujali. Mwisho nikasema, "Naomba na mimi nihesabiwe na ng'ombe. Nimeridhika na nafasi hiyo. Naomba hiyo tu."

Jenereta ya mnara ilisikika mpaka darasani.

Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Mwalimu, kaa tu mama. Hilo ni jambo la nyumbani, mtalimaliza nyumbani."

Hivi unasikia? Mimba ya Madoa ni jambo la mtaa, ina mkutano, ina ajenda. Yangu ni jambo la nyumbani. Nilichukua kanga yangu nikatoka. Nje bwana mifugo alinikimbilia, akaniambia nisiogope kabla ya kujua, niende hospitali nikapimwe, dawa zipo na mapema ni bora. Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia jambo lolote moja kwa moja. Nilimshukuru huku nikitaka kumpiga.

Tulirudi nyumbani mimi na mama mkwe, yeye mbele mimi nyuma. Nilijua nimemwaibisha. Nilijua na bado nilikuwa nataka kurudi kule niongeze mengine.

Leo asubuhi aligonga kama kawaida. Kikombe kile kile. Maziwa yamechemshwa mpaka yamefanya utando mnene, yanafuka. Aliyaweka juu ya kasha, halafu akakaa chini sakafuni, yeye, mama mkwe wangu, akajifunika uso na kanga.

Hakuambiwa. Ndicho alichokuja kunieleza. Bwana mifugo alipomwambia mzee maneno yale, mzee aliyabeba kichwani mpaka nyumbani na yakafika nusu. Alichomwambia mama ni hiki tu: maziwa yasiuzwe kwanza, majirani wasije kutulalamikia. Mama akatii. Maziwa yakawa hayauzwi, yakabaki mengi, na yeye hajui kumwaga maziwa. Akaona baraka. Akaniongezea mimi kikombe cha pili.

Majirani wamekingwa. Wateja wamekingwa. Masalia yakaja kwangu.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta, nikaiandika tena. Sina jinsi nyingine ya kuisema. Mama alilia, nikalia na mimi, tukashikana pale sakafuni kama watu waliofiwa. Kwake sina hasira. Nilidhani ninayo, nikaitafuta, haipo. Akaniambia, "Yule wa kwanza yuko chini ya mparachichi, upande wa jikoni. Nilimvika kitambaa cheupe." Mwaka mzima nimekuwa nikianika nguo pale.

Wakaenda misa, mimi nikabaki na mgongo wangu wa uongo.

Waliporudi, nilisikia hatua zimekuja mpaka mlangoni kwangu na kusimama. Hazikuwa za mama. Kikohozi. Nikatoka, nikachuchumaa, nikapiga makofi. Baba mkwe alikuwa amevaa koti lake la kanisani, kofia ameivua ameishika kwa mikono miwili, vile vile wazee walivyoshika zao walipokuja kumpa pole ya Madoa. Upepo ulikuwa unampeperusha nywele zake nyeupe. Alitazama ukuta, akatazama mnara, akatazama miguu yangu.

Akasema, "Anacheza?"

Sikuelewa haraka. Akaonyesha tumbo kwa kidevu.

Nikasema, "Anacheza, baba."

"Sana?"

"Sana. Hasa asubuhi."

Akaitikia kwa kichwa, polepole safari hii. Akasema amemtumia Masanja ujumbe awatenge wale ng'ombe, na leo jioni kitanda changu kitahamishiwa chumba cha upande wa pili, kisichouona mnara. Nikamwambia mnara huenda hauna kosa. Akasema, "Nasi hatujui." Akavaa kofia, akaenda zizini.

Ungedhani hapo moyo ungetulia. Umetulia kwa dakika ile tu. Ameuliza swali zuri, amelileta mwenyewe kwa miguu yake, na najua lilimgharimu. Lakini nimerudi humu ndani nimefunga mlango na hasira imerudi imekaa pale pale ilipokuwa. Neno moja, "anacheza?", lingeulizwa mwaka jana lisingemuua mtu. Kwa nini mpaka niangushe dawati?

Na yule kijana wa kampuni sijamsamehe. Damu ikisema ni ugonjwa, atashangilia na kuondoka na viatu vyake, na bado hapa zizini hajapima kitu. Nitamwandikia. Nitaendelea kumwandikia mpaka alete kifaa.

Sasa hivi anacheza. Amepiga teke kwenye simu, nikakosea herufi, nikaifuta. Nimemwekea mkono. Sijui maziwa yale yamemfanya nini. Sijui mnara umemfanya nini, au kama haujamfanya kitu. Naogopa sana, na hilo sijamwambia mtu ila wewe.

Kesho Jumatatu shuleni wataniona mchana. Asubuhi naenda hospitali, nitoe damu. Mama amesema nimsubiri Apolinari arudi Jumatano, ni vizuri mume aseme yeye. Nimekataa. Nitasimama kwenye dirisha la mapokezi niseme yote kwa mdomo wangu: Madoa, ufagio, vikombe viwili, na yule aliye chini ya mparachichi. Wakiniuliza nimetumwa na nani, nitasema nimekuja mwenyewe.